Uhalisia Umechanganywa na Nini?

Mtu wa Pwani akikuuliza kama kitu ni halisi, haulizi kama kipo. Kipo, anakiona, pengine amekishika mkononi. Anachotaka kujua ni kimechanganywa na nini. Asali halisi. Samli halisi. Mafuta ya nazi halisi, yale ambayo kukiwa na baridi yanaganda meupe ndani ya chupa, na yasipoganda unaanza kumtizama muuzaji kwa jicho jingine. Neno lenyewe tulilipata kwenye Kiarabu, na huko pia linabeba maana ya kitu safi, kisichotiwa kingine. Wazungu walipita njia yao: jina walilolipa sanaa ya kuonyesha maisha yalivyo linatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "kitu". Kwao swali ni kama kitu kipo. Kwetu swali ni kama kimeghushiwa.

Nadhani tofauti hiyo ni kubwa kuliko tulivyoichukulia darasani. Shuleni uhalisia ulikuwa mstari mmoja: kazi ya kihalisia ni ile inayosawiri maisha kama yalivyo. Unaandika, unapata alama zako, unasonga. Hakuna aliyeuliza "yalivyo" kwa nani, yakitizamwa kutoka wapi. Hapa nataka tuulize, tena tuulize kama wanunuzi wa mafuta sokoni Ukunda, chupa mkononi.

Nianze na matumizi ya mtaani, manake hayo ndiyo tunayoishi nayo. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ikiwa imegoma, na tangu siku hiyo nimesikia maneno "hali halisi" karibu sawa na jina langu. Mjomba wangu, mtu mpole asiye na neno na mtu, alinikalisha barazani akaniambia, "Mpwa wangu, haya mambo ya kuandika ni mazuri, lakini tizama hali halisi. Msimu unaanza, hoteli zinaandika watu."

Nikamwambia, "Mjomba, wanaandika watu miezi minne. Halafu?"

Akacheka. "Halafu unasubiri msimu mwingine. Ndivyo ilivyo."

Sina ugomvi na mjomba. Kodi ya nyumba ni ya kweli, na tumbo halisomi makala. Lakini sikiliza vizuri alichosema. Kuna sentensi mbili mle ndani. Ya kwanza ni habari: kazi zipo wakati wa msimu tu. Ya pili ni hukumu: haiwezi kuwa vingine. Habari ni halisi. Hukumu imetiwa kitu, na kitu hicho naona ni woga wa miaka mingi ambao yeye mwenyewe hakuuanzisha. Vyote viwili vimemiminwa kwenye chupa moja, ikabandikwa karatasi: hali halisi.

Kwa hiyo kila mtu anaponiambia niwe mtu wa uhalisia, siku hizi najiuliza kwanza ananipa ipi kati ya hizo mbili. Swali hilohilo nimeanza kulipeleka kwenye picha, filamu na riwaya. Limenisaidia kuliko nadharia nyingi.

Tuchukue picha mojawapo inayotajwa sana neno hilo linapozungumzwa huko Ulaya. Mwaka 1849 Gustave Courbet, Mfaransa, alichora wavunja mawe wawili wa barabarani: mzee mmoja na kijana mmoja, nguo zimechanika, kazi ikiendelea. Picha ilikuwa kubwa, upana zaidi ya mita 2 na nusu, ukubwa ambao wachoraji wa wakati huo waliuweka kwa ajili ya wafalme, watakatifu na vita. Watu walikasirika. Mwaka 1855 baadhi ya picha zake zilipokataliwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, alijenga banda lake mwenyewe na kuliita la Uhalisia. Ile ya wavunja mawe iliangamia mwaka 1945, wakati wa vita, karibu na Dresden. Leo tunaijua kwa nakala tu.

Sasa njoo huku. Ukitoka Likoni kuelekea Tiwi, ukiacha lami na kuingia ndani kidogo, utakutana na timbo. Mawe ya matumbawe yanakatwa kwa ajili ya nyumba, na pembeni wapo kina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo, karai kwa karai, mwavuli uliochanika au gunia likiwa kivuli chao. Wengine wamekaa na watoto. Hiyo picha ya Courbet ipo hapa kila siku, haikuungua.

Lakini ukiitizama vizuri nakala yake utaona jambo: nyuso hazionekani sawasawa. Mzee amefunikwa na kofia, kijana ametupa mgongo. Wapo wanaosema ndiyo maana yenyewe, kwamba kazi ile imewafuta sura. Mimi naikubali maana hiyo nusu. Nusu nyingine nafikiria mama wa timbo angesema nini akionyeshwa. Nadhani angeuliza kwa nini amechorwa nyundo lakini hakuchorwa mwenye lori. Kokoto ina bei, na bei ina mtu anayeipanga, na mtu huyo hayupo kwenye picha. Courbet alifanya jambo kubwa: alimpa mvunja mawe ukubwa wa mfalme. Lakini uhalisia wa mama wa timbo una watu wengi zaidi ya wale wawili, na wengine wao hawajawahi kushika nyundo.

Bertolt Brecht, Mjerumani, alitoa hoja kama hiyo mwaka 1931: kwamba picha ya kiwanda cha Krupp haikuambii karibu lolote kuhusu kiwanda chenyewe, kwa kuwa mambo yanayokiendesha hayapigiki picha. Mimi siishi karibu na kiwanda cha silaha, naishi karibu na hoteli. Piga hoteli yoyote ya Diani kwa droni saa kumi na mbili asubuhi: mchanga mweupe, minazi, bwawa la buluu. Picha ni kweli kabisa, haina uongo hata chembe. Ila haionyeshi hatimiliki. Haionyeshi ni nani alikuwa akilima pale kabla ya ukuta, wala plot zilivyogawanywa. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004, iliyochunguza ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria nchini, haina picha nzuri hata moja, na mimi naiona ni kazi ya kihalisia kushinda kalenda zote za Diani. Halafu ukishuka kutoka barabarani kwenda kuogelea, njia ya mwananchi ni kichochoro kati ya kuta mbili. Mbega wa Diani wamejengewa madaraja ya kamba juu ya lami ili wavuke salama. Si wivu, mbega ni wetu. Nasema tu nani kafikiriwa.

Hapa ndipo nifike kwenye filamu ambayo naona kila kijana wa ukanda huu aione, halafu agombane nayo. Inaitwa Paradies: Liebe, ya mwelekezi Ulrich Seidl wa Austria, iliyoingia mashindano ya Cannes mwaka 2012. Teresa, mama wa miaka hamsini, anakuja likizo pwani ya Kenya na kuingia kwenye mapenzi ya pesa na vijana wa ufuoni, wale mnaowaita bichi boi. Margarete Tiesel anaigiza Teresa. Peter Kazungu, ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi, anaigiza Munga. Kijana anamwambia kuna ndugu mwenye shida, kuna mtoto hospitalini, pesa zinatoka, mwishoni inajulikana kuwa "dada" yake ni mke wake.

Kwa kipimo cha darasani, hii ni filamu ya kihalisia hadi mwisho. Seidl hatumii mazungumzo yaliyoandikwa neno kwa neno, watu wanajitungia papo hapo. Vyumba ni vyumba kweli. Hakuna muziki wa kukuambia ulie wapi. Na kuna picha moja ambayo ukishaiona hutoki nayo: watalii wamelala kwenye vitanda vya ufuoni kwa mstari, mbele yao imetandazwa kamba, ng'ambo ya kamba vijana wamesimama kimya, wanangoja. Askari anapita katikati. Yeyote aliyekulia Diani anaijua kamba ile hata pale ambapo haijafungwa.

Naisifu filamu kwa hilo. Inamkatalia mtalii wa Ulaya ile hadithi yake tamu ya mapenzi ya kitropiki, hadithi kama ya Corinne Hofmann ambayo kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu ndoa yake na Msamburu kiliuzwa sana kisha kikafanywa filamu mwaka 2005. Seidl anaonyesha bei ya kila busu. Hata lugha anaigusa: kwenye basi wageni wanafundishwa "jambo" na "hakuna matata", wanaitikia kama watoto wa chekechea. Si unajua hakuna mtu Ukunda anayesalimiwa hivyo na jirani yake. Hicho ni Kiswahili kilichopikwa kwa ajili ya meza ya mgeni. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikiweka kwenye wimbo Jambo Bwana mwaka 1982, wakakifanyia kazi na kupata riziki yao halali, na tangu hapo mgeni anadhani ndiyo lugha yetu.

Sasa twende kwenye chupa. Imechanganywa na nini? Naona imechanganywa na kitanda cha ufuoni. Kamera inakaa na Teresa. Nyumbani kwa Munga tunaingia kwa sababu Teresa ameingia. Hospitali tunaiona kwa sababu Teresa amepelekwa. Akiondoka yeye, na sisi tumeondoka. Kwa hiyo uongo wa Munga tunaujua wote, lakini hesabu yake hatuijui: nini kinatokea ndani ya nyumba ile mlango ukishafungwa, mke anamwambia nini mumewe usiku ule, nani kati yao aliyepanga, nani anayeona haya. Mke yule ni mtu ambaye kazi yake kwenye filamu ni kugundulika. Mtu wa Ukunda akiitazama atajua mara moja kwamba hadithi ilikuwa kwake, na kamera haikubisha hodi.

Atakuja mtu aniambie Seidl alitaka hivyo, filamu inahusu Teresa, huwezi kumlaumu mpishi wa pilau kwa kutopika wali wa nazi. Sawa. Mimi simlaumu, ninasoma karatasi kwenye chupa. Ikiandikwa "uhalisia wa mtalii" nitainunua bila kubishana bei. Ikiandikwa "uhalisia wa pwani ya Kenya", kama wengi walivyoichukua, hapo nitaomba kuonja kwanza.

Tamthilia zetu wenyewe za runinga nazo zisijifiche nyuma ya mzungu. Nyingi zinazowekwa Pwani zinatupa Kiswahili kitamu, buibui, udi, ukuta mweupe na bahari nyuma. Lakini tembea Msambweni utasikia Kidigo, Kiduruma, Kikamba, Kiswahili cha matatu na Kiingereza cha mteja, vyote kabla ya chai ya saa nne. Mhusika wa Kwale anayezungumza kama mashairi asubuhi hadi jioni ameghushiwa, hata kama kila neno lake ni fasaha.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Je, uhalisia lazima ufanane na maisha? Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya iliyosema wazi yanayowapata wasichana nyumbani na shuleni, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa sababu ilisema kweli mno. Yeye ndiye aliyelipa gharama ya uhalisia. Halafu mtu huyohuyo akaja na Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu ambamo huwezi kuonyesha kidole ukasema hii ni wilaya gani. Wasomaji wengi walihisi ametuacha, amekimbilia falsafa.

Katama Mkangi, Mmijikenda mwenzetu wa upande wa Kilifi, alipita njia inayofanana na hiyo. Alikuwa mhadhiri, na enzi za Moi katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Baada ya hapo, mwaka 1995, ilitoka Walenisi. Shujaa wake anaitwa Dzombo, jina ambalo mtu wa Kwale hawezi kulipita bila kugeuka, kwa kuwa tuna mlima unaoitwa hivyo. Dzombo anahukumiwa, anatiwa kwenye chombo kilichokusudiwa kummaliza, na chombo kinampeleka nchi ya Walenisi, ambako watu wameyapanga maisha yao kwa haki. Lisome jina polepole: wale ni sisi.

Wanafunzi wengi walikipokea kama kitabu kigumu cha mtihani chenye chombo cha angani. Mimi nakisoma vingine. Mtu aliyefungiwa bila mashtaka anajua jambo moja kuhusu "hali halisi": kwamba serikali nayo ina uhalisia wake, nao unasema ndivyo ilivyo, tulia. Ukiandika ukabaki ndani ya yanayoonekana tu, unaweza kujikuta unachora seli vizuri sana, kila tofali mahali pake, na msomaji akatoka akiamini kuta ni sehemu ya dunia kama mvua. Mkangi alivunja kufanana ili aonyeshe kwamba seli ilijengwa na watu. Mlima wetu ukapaa. Kwa kipimo cha mafuta, naona hapo ndipo palipo na uhalisia mwingi, kwa sababu ile hukumu ya "haiwezi kuwa vingine" imechujwa ikatolewa.

Na kuna upande mwingine wa jambo hilo ambao sisi wa Kwale tunauogopa. Tarehe 13 Agosti 1997, kabla ya uchaguzi wa mwaka ule, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na vijana wa hapa kwetu, bunduki zikachukuliwa, kisha wiki za mauaji na kuwafukuza watu waliotoka bara. Vijana walikuwa wamekula kiapo msituni, jina la Kaya Bombo likabaki kwenye midomo ya watu, na waliambiwa kiapo kitawakinga na risasi. Tume na watetezi wa haki za binadamu waliandika baadaye kuhusu mikono ya kisiasa iliyokuwa nyuma yake.

Jiulize utaandikaje riwaya ya kihalisia ya siku zile. Ukikiondoa kiapo kwa sababu wewe ni msomi na huamini, umeghushi: kiapo kilitembea, kilishika silaha. Ukikiweka kiapo peke yake, mizimu na ngoma na giza, umeghushi tena, tena kwa faida ya walioandaa, kwa kuwa mwanasiasa anatoweka na linabaki pori lenye "watu wa ushirikina". Na ukimsahau aliyekimbia na watoto wake kuelekea kwenye feri usiku, hujaandika chochote. Lazima viwe vyote vitatu kwenye ukurasa mmoja: hasira ya ardhi iliyokuwa ya kweli, dawa iliyoaminiwa, na pesa iliyolipa safari. Jini akiwa ndani ya nyumba za watu, mwandishi hana ruhusa ya kumwambia asubiri nje kwa sababu nadharia haimtambui. Wala hana ruhusa ya kumwachia jini hatia za binadamu.

Mimi sijaiona riwaya hiyo bado. Sijaiona pia ile ya mgodi wa titani wa Kwale, uliochimba kwa takriban miaka kumi na moja, madini yakipita Likoni kwenda kwenye meli, hadi uchimbaji ulipokwisha Desemba 2024. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi unafunguliwa alikuwa sekondari ulipofungwa. Kuna kaya zilizohamishwa, makaburi yaliyohamishwa, vijana waliofundishwa kuendesha mashine ambazo sasa hazipo. Nani anaandika? Na akiandika, atasimama wapi: kwenye droni, kwenye ofisi, au jikoni kwa mke wa dereva jioni ile ya mshahara wa mwisho?

Kwa upande wangu nitaendelea kuandika makala hizi kwa malipo yanayochelewa, na mjomba ataendelea kunipigia msimu unapokaribia. Juzi amenitumia ujumbe: kuna nafasi ya mapokezi, niende Jumatatu. Nitakwenda, kodi haijui uhakiki. Ila nitakwenda na daftari, nisimame ndani ya kamba upande ule ambao kamera ya Seidl ilisimama, niangalie nje. Nataka kujua wale wanaosimama ng'ambo wanaonekanaje kutoka pale, na jioni nikitoka nivuke niwaulize wao wameona nini.